Kabila Gani, Daraja Gani? Elimu na Kazi za Kitaaluma Pwani ya Kilifi

Kuruwitu ni kijiji cha wavuvi kusini mwa Kaunti ya Kilifi, jirani na Vipingo. Upande wa bara kuna mashamba ya mkonge, upande wa bahari kuna mwamba wa matumbawe. Mwaka 2003 wakazi waliunda jumuiya ya uhifadhi, na mwaka 2005 wakatenga hekta 30 hivi za bahari wakasema hapa havuliwi samaki tena. Lilikuwa eneo la kwanza la matumbawe nchini Kenya kusimamiwa na wanakijiji wenyewe. Samaki wakarudi, na mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa likawatunuku Tuzo ya Ikweta. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi, nacho kinastahili. Kisichosimuliwa ni habari ya kazi: bahari ikishahifadhiwa huzaa ajira, na ajira hizo zina ngazi.

Ngazi ya chini wapo walinzi wa doria, manahodha wa mashua, wanaopanda matumbawe, wanaopika na wanaotembeza wageni. Ngazi ya juu yupo mtaalamu wa viumbe wa baharini, mhasibu, mwanasheria wa mikataba, na yule mtu muhimu kuliko wote siku hizi, anayejua kuandika ombi la fedha kwa Kiingereza kinachowapendeza wafadhili. Tembea pwani yote kuanzia Mtwapa hadi Ngomeni, hotelini, bandarini, kwenye miradi na maofisi, utasikia lafudhi zikibadilika kadiri unavyopanda. Chini utasikia Kigiriama, Kichonyi, Kibajuni na Kipemba. Juu utasikia lafudhi za bara, za Kihindi na za Ulaya. Silaumu lafudhi yoyote. Nauliza mpangilio huo umetoka wapi, na kwa nini sheria tulizojitungia ili kuuvunja haziugusi.

Zamani mpangilio huo uliandikwa waziwazi. Serikali ya kikoloni iligawa shule kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika. Mombasa ilipata shule ya Waarabu mwaka 1912, na shule ya Allidina Visram ikafunguliwa mwaka 1923 kwa ajili ya Wahindi. Mtoto wa Kimijikenda aliachiwa wamishenari: Rabai, alikofika mmishenari Krapf miaka ya 1840, Ribe ya Wamethodisti tangu 1862, na baadaye Kaloleni. Mzazi Mwislamu wa kijiji cha pwani alikuwa na sababu ya kusitasita, maana shule ilikuja pamoja na ubatizo. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Afrika Mashariki ikahimiza Mwafrika afundishwe kilimo na kazi za mikono. Wakoloni waliokuwa wakitafuta vibarua wa mashamba hawakuhitaji kushawishiwa mara mbili.

Hata aliyefaulu kupenya hakulipwa sawa. Tume ya Holmes, iliyochunguza mishahara ya serikali katika Afrika Mashariki na kutoa ripoti mwaka 1948, ilikubali kwamba mtumishi asiye Mzungu apewe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ya cheo kile kile. Ilibidi ingojewe Tume ya Lidbury mwaka 1954 ndipo viwango vya rangi vifutwe kwenye karatasi. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini Waswahili wa Thenashara Taifa kule Mombasa walipigania kwa miongo kadhaa kuandikwa Waarabu. Wengine huwacheka kwa hilo. Mimi naona walikuwa wamesoma ubao vizuri: jina la taifa lako ndilo lililoamua kodi utakayolipa, shule atakayoingia mwanao na kiti atakachokalia.

Mtu aliyeonyesha umbali wa safari hiyo ni Ronald Ngala. Alizaliwa mwaka 1923 katika nchi ya Wagiriama, akasomea ualimu, akaja kuwa kiongozi wa chama cha KADU na waziri. Ili afike huko ilimlazimu aende Alliance, kule Kikuyu, kisha Makerere, Uganda. Pwani yenyewe haikuwa na mahali pa kumpa elimu ya kiwango hicho. Tunamkumbuka kama mwanasiasa wa majimbo. Inafaa pia tumkumbuke kama kijana aliyelazimika kuihama Pwani mara mbili ili arudi akiwa mwalimu.

Uhuru ulifuta rangi kwenye lango la shule, lakini shule zenyewe zikabaki pale pale zilipokuwa. Waraka wa Kikao Namba 10 wa 1965 ulisema fedha za maendeleo zipelekwe mahali zitakapozalisha haraka zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na watu waliokwisha kusoma. Kwa lugha nyepesi, aliyenacho aongezewe. Mwaka 1985 ikaja sera ya kutaka asilimia 85 ya nafasi za shule za sekondari, ukiondoa za kitaifa, zibaki kwa watoto wa eneo husika. Ilisikika kama haki. Kwa mtoto wa Ganze ilimaanisha kufungiwa ndani pamoja na maabara isiyokuwapo. Shule za kitaifa zenyewe zilikuwa 18, na Pwani haikuwa na hata moja hadi shule zilipoanza kupandishwa hadhi mwaka 2011. Chuo kikuu kamili cha umma kilichelewa zaidi: Chuo Kikuu cha Pwani, pale Kilifi mjini, kilichoanza kama taasisi ya kilimo, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa vilipewa hati mwaka 2013. Nchi ilikuwa na miaka 50 ya uhuru.

Utalii unaonyesha jambo hili kuliko kitu chochote. Hoteli zilijengwa Malindi, Watamu, Kikambala na Diani. Chuo cha Utalii cha Kenya kikajengwa Nairobi, kikafunguliwa mwaka 1975. Kijana wa Malindi aliyetaka kuwa meneja wa hoteli iliyo mtaani kwao alipaswa kwanza apate nauli na karo ya kilomita mia sita. Waliobaki walijifunza Kiitaliano ufukweni kwa kusikiliza tu, tena kwa ufasaha wa kushangaza, wakakitumia kuuza vinyago na kuongoza safari za mashua. Kipaji cha lugha kilikuwapo, cheti hakikuwapo. Kuna chuo kingine cha utalii kilichopewa jina la huyo huyo Ronald Ngala, hapo Vipingo, jirani kabisa na Kuruwitu. Ujenzi wake umejikokota kwa miaka mingi, gharama zikipanda na wabunge wakihoji. Mtoto aliyezaliwa mradi ulipoanza amemaliza shule ya msingi.

Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ni kisa cha aina yake. Tangu miaka ya 1960 Waitaliano wamekuwa na kituo cha anga pale, na kutoka jukwaa la San Marco baharini walirusha setilaiti kuanzia 1967. Ile iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 ilipewa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya Kenya, ikawa setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza nyota kwa miali ya eksirei. Wavuvi waliiona ikipaa. Mkataba wa Kenya na Italia uliotiwa saini mwaka 2016 ndio uliokuja na vipengele maalumu vya mafunzo. Zaidi ya nusu karne ya ujirani na sayansi ya juu kabisa imepita, na shule za Ngomeni bado zinahangaikia walimu wa fizikia.

Kabla ya shule kuna ardhi. Sheria ya Hatimiliki ya 1908 iliwapa watu nafasi ya kudai ardhi ya ukanda wa pwani kama mali binafsi, na wengi wa Wamijikenda wakajikuta ni maskwota kwenye mashamba ya wengine. Tunazoea kuliona hilo kama tatizo la ardhi tu. Ni tatizo la karo vilevile. Mzazi wa Nyeri au Meru mwenye hati anaweza kuiweka rehani au kuuza kipande cha shamba ili mtoto amalize udaktari. Mzazi wa Kilifi anayeishi kwenye ardhi ya mwenye shamba asiyeonekana hana cha kuweka rehani, na minazi ya mtu mwingine haikopeshi.

Lakini wapo waliokuwa chini zaidi ya maskwota, nao ndio mtihani halisi wa mjadala huu. Wapemba wa Kenya ni wavuvi ambao wazee wao walivuka kutoka kisiwa cha Pemba, wengine kabla ya uhuru, wengine wakikimbia baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Wanaishi vijiji vya pwani ya Kilifi na Kwale, na kwa makadirio ya Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa ni kama 7,000. Wamezaliwa hapa, wameoana na majirani, wamezikwa hapa. Hawakuwa na kitambulisho.

Asiyewahi kuishi bila kitambulisho hawezi kukisia ukubwa wa ukuta huo. Mtoto wa Kipemba angeweza kuanza darasa la kwanza. Mwalimu mkuu mwenye huruma humpokea. Tatizo lilikuja ulipofika wakati wa kusajiliwa kwa mtihani wa taifa, na likazidi serikali ilipoanzisha mfumo wa NEMIS wa kusajili wanafunzi, uliodai cheti cha kuzaliwa. Akivuka hapo, basari inaulizia kitambulisho cha mzazi. Akivuka tena, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu inataka kitambulisho chake. Chuo cha uuguzi kinakitaka. Tume ya Kuwaajiri Walimu haimsajili mtu asiyekuwa nacho, hata awe amefundisha kwa kujitolea miaka mingi. Benki haifungui akaunti, na laini ya simu husajiliwa kwa jina la jirani. Hata mvuvi aliyeamua kuacha habari ya shule akarudi majini alikuta leseni ya uvuvi inataka karatasi ile ile, kwa hiyo chombo chake kiliandikwa kwa jina la mtu mwingine. Wapo waliojiandikisha kwa kabila la jirani ili mambo yaende. Mtu anapolazimika kukana asili yake ili awe mwalimu wa shule ya msingi, neno ubaguzi linatosha, hatuhitaji kutafuta jingine laini.

Wamakonde walitangulia kufungua njia. Wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya pwani, na mwaka 2016 waliandamana kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Ikulu Nairobi ndipo Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wasajiliwe. Wapemba walipeleka ombi lao bungeni, wakasaidiwa na watetezi wa haki, na mwaka 2023 serikali ya Rais William Ruto ikawatambua rasmi kuwa kabila la Kenya. Julai mwaka huo vitambulisho vikaanza kutolewa hapa hapa Kilifi. Shangwe zilikuwa za haki. Ila hesabu ni rahisi: aliyepata kitambulisho mwaka 2023 akiwa na miaka 35, shule ikiwa ilimpita miaka 20 nyuma, amepata uraia. Hakupata taaluma. Kwake kazi ya ofisini itaanza na mwanawe, na mwanawe huyo ndiye anayestahili kufuatiliwa sasa, darasa kwa darasa.

Hapa ndipo sheria zetu zinapojikwaa. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazi ziende kwa watu wasiotoka kabila kubwa la kaunti. Nia ni njema. Zitazame zikifika Kilifi, kaunti iliyohesabiwa kuwa na watu 1,453,787 katika sensa ya 2019, wengi wao wakiwa Wamijikenda, wakiwemo Wagiriama. Nairobi, Mgiriama ni wa kabila dogo anayelindwa na theluthi ile. Akivuka kuingia makao ya kaunti yake Kilifi, anageuka kuwa kabila kubwa linalopaswa kubanwa. Na ile asilimia 30 ni ya nani? Sheria haikusema ni ya Wapemba, Wawaata au Wabajuni. Imesema tu asiwe wa kabila kubwa la kaunti. Mkikuyu, Mluo au Mkamba mwenye shahada anayeishi Mtwapa anaijaza kihalali kabisa, na ripoti itasomeka vizuri. Kinga iliyotungwa kwa ajili ya wachache inaweza kutimizwa bila kumgusa mchache hata mmoja.

Kasoro ya pili ni hiyo ya ngazi. Sheria ya kaunti inazungumzia nafasi za kuingilia kazi. Ile ya taifa inahesabu wafanyakazi wote kwa jumla. Taasisi ikiajiri wenyeji mia moja kuwa walinzi, madereva na wafagizi, kisha ikajaza nafasi kumi za juu kwa kujuana kutoka kwingine, asilimia zake zitang'aa. Kwenye mizozo ya ajira ya Mamlaka ya Bandari, ambayo viongozi wa Pwani huifufua karibu kila uchaguzi, tunasikia idadi. Ni nadra kusikia mtu akidai orodha kwa madaraja ya mshahara. Wanasiasa wetu wanapenda idadi kwa sababu kazi za chini ni rahisi kugawia watu wa kampeni.

Kuna taasisi moja Kilifi inayoonyesha uwezekano na mipaka yake kwa pamoja. Mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust ulianza mwaka 1989 kando ya hospitali ya Kilifi, na umekua kuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya utafiti wa malaria Afrika. Tangu mwanzo ulihitaji watu wa kwenda nyumba kwa nyumba, wanaojua Kigiriama na adabu ya kuingia boma la mtu, kwa hiyo uliajiri wenyeji. Hizo ni kazi zenye heshima, lakini si za kuongoza utafiti. Kilichonivutia ni hatua iliyofuata: mpango wa kuwachukua vijana waliomaliza sekondari katika eneo hilo kwa mafunzo ya kazi, ushirikiano na shule za jirani, na ufadhili wa shahada za juu kwa Waafrika. Njia ya kutoka dodoso hadi maabara ni ndefu, lakini imewekewa vidato vinavyoonekana. Hoteli nyingi za Malindi, zenye umri mkubwa kuliko kituo hicho, hazina mpango kama huo hata kwenye karatasi.

Kuna ujuzi mwingine ambao haujawahi kuhesabiwa. Wawaata, ambao majirani huwaita Wasanye, walikuwa wawindaji wa tembo kwa upinde mrefu katika nyika ya nyuma ya Malindi. Mbuga ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948, na msako dhidi ya ujangili ulipopamba moto katika miaka ya 1950, watu waliomjua tembo kuliko mtu yeyote Kenya walijikuta gerezani, na kazi ya kumlinda tembo huyo ikapewa wenye vyeti. Nahodha wa Kuruwitu anayejua mwezi gani tafi huzaa na mkondo gani huua chipukizi za matumbawe yuko hatarini kuishia huko huko, akihojiwa na mwanafunzi wa shahada ya uzamili ambaye ataondoka na data. Kenya sasa ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Masomo. Wavuvi wasimamizi wa fukwe wangekuwa watu wa kwanza wa kupimwa. Lakini isiwe mwisho wa safari; cheti cha fundi kisitumiwe kumwambia mtoto wa fundi kwamba shahada si yake.

Najua jibu linalotolewa barazani: Wapwani hawapendi shule. Disko matanga zinaharibu wasichana, wavulana wanakimbilia bodaboda na ufuo, wazazi wanaoza watoto. Mengi ya hayo ni kweli na yanauma, na machifu waliopiga marufuku disko matanga hawakukosea. Ila tuulize yametangulia nini. Kijana wa Junju ameona kaka yake mwenye shahada akikanyaga lami miaka minne, huku kijana wa rika lake akipata mia tano kwa siku kwenye pikipiki. Anayeamua kuacha shule hapo hajapungukiwa na akili. Amepiga hesabu kwa takwimu alizo nazo.

Na kuna jibu la upande wa pili, la hatari zaidi, kwamba dawa ni kumfukuza mbara. Tulilionja mwaka 1997 Likoni, watu wakauawa na utalii ukaanguka, na wa kwanza kupoteza kibarua alikuwa Mdigo wa hotelini. Baadaye Baraza la Kijamhuri la Mombasa (MRC) likaja na kauli ya "Pwani si Kenya", likapigwa marufuku mwaka 2010, na Mahakama Kuu Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2012. Malalamiko yake juu ya ardhi na kazi yalikuwa ya kweli. Lakini walimu wengi wa hesabu na sayansi katika sekondari za Kilifi wametoka bara, na kumtimua mwalimu wa hesabu ni njia mbovu ya kupata wahandisi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linawezekana mwaka huu. Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ya Kilifi tayari inawajibika kuripoti kwa bunge la kaunti jinsi inavyozingatia misingi ya utumishi wa umma. Ichapishe orodha ya wafanyakazi kwa daraja la mshahara, kwa jamii na kwa wadi, Wapemba na Wawaata wakitajwa kwa majina yao, si ndani ya "wengineo". Mamlaka ya Bandari na hoteli kubwa ziombwe kufanya vivyo hivyo. Nawe msomaji wa Kilifi, mwakilishi wako wa wadi akija kukuambia wenyeji wangapi wameajiriwa, muulize wameajiriwa daraja gani, na usimwache aondoke kabla hajajibu.